Kindi Aliyeita Radi



Tafakari ya juma hili imetoka mahali ambapo hatukutarajia kuchota kitu, yaani katika mchezo wa video. Tunajua wapo watakaoguna. Wengi wenu mmekwisha kutusikia tukiwaonya vijana juu ya saa wanazozipoteza mbele ya simu, na maonyo hayo hatuyafuti. Lakini mwenye kufundisha hana budi naye kufundishwa, na safari hii aliyetufundisha ni kijana wa miaka 16 ambaye mama yake alimleta kwetu ili akemewe. Wote wawili wameturuhusu kuyaandika haya, mradi tusiwataje majina.

Mama huyo alifika ofisini Jumanne alasiri, kijana akimfuata nyuma kwa hatua za mtu anayepelekwa barazani. Alieleza kwamba mwanawe yuko Kidato cha Nne, mtihani wa taifa u mlangoni, naye kila usiku hujifunika shuka akipiganisha wanyama kwenye simu, hata bando la wiki nzima likaisha siku ya pili. "Baba Paroko, mimi nimechoka," akasema. "Mwambie wewe, labda wewe atakusikia." Kisha akatoka, akaketi kwenye benchi chini ya mwembe kusubiri.

Sisi tulikuwa tumekwisha kuyapanga maneno yetu. Hata hivyo, mwamuzi asiyesikiliza shauri si mwamuzi, basi tukamwambia kijana atuoneshe kwanza huo mchezo wenyewe. Alitutazama kama mtu asiyeamini masikio yake, akatoa simu, akasogeza kiti.

Mchezo unaitwa Pokémon. Ulizaliwa Japani mwaka 1996, na umejaa wanyama wa kubuni, kila mmoja na asili yake: huyu wa maji, yule wa moto, mwingine wa umeme, mwingine wa majani, na kila asili ina inayoishinda na inayoiogopa. Katika mashindano rasmi ya aina aliyotuonesha, mchezaji hupanga kikosi cha wanyama 6, kati yao huingiza 4 katika kila pambano, wakipigana wawili kwa wawili. Kila mnyama ana viwango vya uhai, nguvu, ulinzi na kasi. Na kila mnyama, hata awe na uwezo wa kujifunza mbinu nyingi namna gani, huingia uwanjani na mbinu 4 tu.

"Hapo ndipo penye kazi, Padre," kijana akasema. "Ukimpa hii, umemnyima ile."

Akatueleza kwamba wachezaji wakubwa duniani hupiga hesabu usiku na mchana, na hesabu zao huwafikisha karibu wote mahali pamoja: wanyama walewale wenye nguvu, na mbinu zilezile za kuua haraka. Akatuonesha joka mmoja aitwaye Garchomp, ambaye viwango vyake vyote vikijumlishwa hufika 600. Kisha, akitabasamu kwa mara ya kwanza, akatuonesha kindi mdogo mweupe mwenye mstari wa buluu mgongoni, mashavu ya manjano na mkia mkubwa kuliko mwili. Anaitwa Pachirisu, naye alianza kuonekana katika michezo hiyo mwaka 2006. Jumla ya viwango vyake ni 405. Nguvu yake ya kupiga ni 45, ilhali ya Garchomp ni 130. Ni mnyama wa kupendwa na watoto, si wa kupelekwa vitani.

Mwezi Agosti mwaka 2014, jijini Washington, Marekani, yalifanyika Mashindano ya Dunia ya mchezo huo. Kijana mmoja kutoka Korea Kusini, Se Jun Park, aliingia akiwa na Garchomp kama wengine, lakini kikosini mwake alikuwamo pia Pachirisu. Mtu angeweza kudhani ni mzaha. Naye akavuka raundi baada ya raundi, akafika fainali dhidi ya Mmarekani Jeudy Azzarelli, akawa bingwa wa dunia, na kindi yule uwanjani.

Tuliuliza imewezekanaje, na hapo kijana akawa mwalimu hasa.

Kikosini mwa Park, alisema, alikuwamo Gyarados, nyoka mkubwa wa bahari, mwenye asili mbili: maji na anga. Ni shujaa wa kutisha, lakini ana ugonjwa mmoja: pigo la umeme humuumiza mara nne. Kila mpinzani anajua. Basi anahitaji mwenza atakayeivuta radi imwache yeye. Ipo mbinu ya kufanya hivyo: mnyama anayeitumia huwahi kabla ya wengine, na kwa zamu ile mapigo yote yaliyolengwa kwa mwenzake humgeukia yeye. Wanyama wenye mbinu hiyo ni wachache. Mmoja ni Togekiss, ndege wa thamani kubwa mwenye jumla ya 545. Lakini naye umeme humdhuru maradufu, kwa hiyo akimkinga mwenzake na radi huumia yeye. Kindi Pachirisu ni mwana wa umeme. Zaidi ya hayo anaweza kuwa na kipaji cha kuunywa: radi ikimpiga haimpunguzii kitu, bali humrudishia robo ya uhai wake. Kile ambacho kingemwangamiza nyoka mkubwa, kwake yeye ni chakula.

Na mbinu zake nyingine tatu? Ya kwanza ni kumsugua adui kwa shavu, pigo dogo kupita kiasi, lakini lazima limpoozeshe akilipata. Ya pili ni kuuma kwa meno, na meno hayo hayategemei nguvu za mwenye kuuma: hukata nusu ya uhai uliobaki wa adui, awe mdogo au mkubwa. Kwa meno hayo, mwenye nguvu 45 na mwenye nguvu 130 wako sawa. Ya tatu ni kinga ya kujificha kwa zamu moja. Hakuna hata moja ya kuua. Yupo pale ili mwenzake aweze kupiga.

Tena kila mnyama hupewa alama 510 za mazoezi, na sehemu moja ya mwili haipokei zaidi ya 252. Wengi huziweka katika nguvu na kasi. Kindi huyu aliwekewa katika uhai na ulinzi. Mwisho akapewa tunda la kubeba, ambalo hulila mwenyewe uhai wake unaposhuka chini ya nusu, likamrudishia robo. Katika fainali, joka jingine, Hydreigon, lenye jumla ya 600 kama Garchomp, lilirusha kimondo, mojawapo ya mapigo mazito kabisa ya mchezo huo. Kimondo kikamwangukia kindi. Vumbi lilipotulia, kindi alikuwa amesimama. Na kimondo kile kina gharama: anayekirusha hubaki na nusu tu ya nguvu ya namna ile ya kupiga. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na kijana wetu, akituonesha mkanda huo wa zamani kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, alishangilia kana kwamba ndiyo kwanza yanatokea.

"Na hiyo mbinu ya kuvuta mapigo inaitwaje?" tukauliza.

Akaitaja kwa Kiingereza, kisha akaifasiri: "Nifuate."

Baadaye tulijifunza kwamba Wajapani, wenye mchezo wao, huiita kwa maneno ya watoto wa kwao wanaponyanyua kidole na kuwaita wenzao waje wakishike ili waanze kucheza. Lakini sisi, mazoea yetu ya madhabahuni yakitutawala, tulilisikia neno lile kama alivyolisikia Mathayo mezani pa ushuru. Na kwa mara ya kwanza tukaona kwamba anayesema nifuate huenda hawaiti wafuasi tu. Huenda anaiita na radi pia. Yule aliyemwita Mathayo aliyaita yote mawili, na tunajua radi ilimpiga wapi.

Tulinyamaza. Kijana akadhani ametuchosha. Kumbe alikuwa ametupeleka mbali, bwenini mwa seminari ndogo moja ambayo hatutaitaja.

Katika miaka ya kwanza ya upadre wetu tulitumwa huko kufundisha na kulea. Kidato cha Pili alikuwamo mvulana mmoja mfupi, mwembamba, asiye na kitu cha kumtambulisha. Kilatini kilimshinda. Hisabati ilimshinda. Mpirani aliitwa wa mwisho. Jambo moja tu alilijua: alijua kuwaita watu kwake. Wakubwa wa bweni walipotoka usiku kutafuta mgeni wa kumtesa kwa mizaha, yeye huanza kuimba vibaya kwa sauti kubwa, au hujigonga kwenye ndoo na kuanguka, hata wakamgeukia yeye. Wadogo waliokuwa wakilia chini ya shuka kwa kuwakumbuka mama zao wakasahauliwa usiku ule. Sahani ikivunjika na asipatikane wa kukiri, yeye alinyanyua mkono. Kitabu cha adhabu kilijaa jina lake.

Haya tunayasema leo. Wakati ule tulichokiona ni kitabu.

Mwisho wa mwaka walezi tulikaa mbele ya gombera kuwapima wanafunzi. Sisi ndio tuliosoma takwimu: alama zake, idadi ya adhabu zake. Padre mmoja mzee, mlezi wa kiroho, akauliza kwa upole: "Je, kuna aliyewauliza wanaolala naye bweni moja?" Tukamjibu, nasi tukijiona werevu, kwamba bweni halifanyi mtihani. Wengine wakacheka. Kura zikapigwa. Alfajiri ya siku ya tatu tulimwona akielekea barabarani na sanduku lake la bati kichwani, peke yake, naye akageuka kutupungia mkono kwa adabu.

Muhula uliofuata watoto watatu wa mwaka wa kwanza waliomba kwenda nyumbani wasirudi. Tuliandika kwamba hawakuwa na wito. Ilipita miaka mingi ndipo mmoja wao, sasa mwalimu, akatuambia katika mazungumzo ya arusini, bila kujua anatuchoma: "Yule alipoondoka, Padre, tukabaki hatuna paa."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu wetu umeota tende miaka yote hiyo, nasi tulikuwa tukitembea nao tu.

Wapendwa, hapa tungeweza kumaliza kwa kusema kwamba wanyonge wana nguvu, tukaagana. Lakini kijana yule hakuturuhusu. Tulipomwambia kwamba basi kindi ni mkuu kuliko joka, alicheka hadi akajishika kifua. "Hapana, Padre! Peke yake hashindi mtu. Mimi nilimwiga vilevile, mbinu zote, tunda, kila kitu. Nikapigwa mara tisa mfululizo." Kwa nini? Kwa sababu alimchukua kindi akaacha kikosi. Hakuwa na nyoka wa kumkinga, wala hakujua adui yupi atarusha radi na zamu ipi. Unyonge wenyewe hauokoi kitu. Kilichomwinua kindi ni mtu aliyemtazama kwa makini kuliko wengine, akaona kitu kimoja anachokiweza ambacho wakubwa hawakiwezi, akakipa mwenza, alama na tunda.

Neno hilo la tunda ndilo lililotushika zaidi. Aliyempeleka kindi vitani alimpa kitu cha kumponya kabla ya pigo la kwanza. Sisi kindi wetu tulimpa kitabu cha adhabu.

Kuna jambo jingine tulilouliza, nalo tunawaomba mlisikie vizuri, hasa ninyi mlio wazazi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Tuliuliza: je, kindi huyu anaweza kumkinga mwenzake na kila kitu? Kijana akatikisa kichwa. Tetemeko la ardhi huwapiga wote waliosimama, halivutiki upande wowote, nalo kwa mwana wa umeme huumiza maradufu. Mbele ya tetemeko, mbinu ya nifuate haina kazi. Basi tofautisheni radi na tetemeko. Yupo katika nyumba nyingi mmoja anayeivuta radi: binti mkubwa anayewahi kumjibu baba akirudi na hasira, ili wadogo wale chakula kwa amani, katibu wa jumuiya anayebeba manung'uniko ya kila mtu, bibi anayetania msibani ili mjane apumue. Hao mwapeni tunda lao mapema, kabla uhai haujashuka. Lakini penye kipigo, penye mtu anayeumizwa nyumbani, hilo ni tetemeko, wala si haki kumsifu mtu kwa kulivumilia. Hilo huzuiwa. Hata bwenini kwetu, ukweli ni kwamba mtoto yule hakupaswa kuimba vibaya usiku. Sisi walezi tulipaswa kuamka, tukawazuia wakubwa wale.

Tulimwita mama kutoka mwembeni. Alikuta simu iko mikononi mwetu na kijana anatuelekeza, akakunja uso, nasi hatumlaumu. Tulizungumza watatu. Mama alisema jambo ambalo kijana hakuwa amelisikia bado: kwamba bando lile analilipia kwa fedha ya maandazi anayoyakaanga saa kumi alfajiri, na kwamba baba wa mtoto akiuliza matokeo ya majaribio, ni yeye anayejibu. Kijana akainamisha kichwa. Tukamwuliza kwa sauti ya chini, katika kikosi cha nyumba yenu, nani anavuta radi? Hakujibu, lakini aliisukuma simu polepole mezani, mbele ya mama yake.

Walikubaliana hivi: simu itakaa kwa mama tangu Dominika jioni hadi Jumamosi, Jumamosi kijana atacheza saa mbili, baada ya masomo, na mama, kwa ombi la kijana mwenyewe, ataketi siku moja aelezwe habari za kindi. Mama alisema hana muda wa mambo ya kindi. Kisha akauliza kama kweli ana mashavu ya manjano.

Walipokwenda, tulibaki ofisini hadi kengele ya Malaika wa Bwana. Siku iliyofuata tulianza kutafuta namba. Padre mmoja tuliyefundisha naye aliipata kwa ndugu wa ndugu. Ijumaa asubuhi tukapiga.

Yeye sasa ni fundi pikipiki, ana watoto wawili. Alitutambua kwa sauti kabla hatujajitaja, akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kwa adabu ileile ya barabarani. Tulimwambia tulichopaswa kumwambia miaka mingi iliyopita, bila kukipamba: kwamba sisi ndio tuliosoma takwimu, kwamba tuliulizwa habari za bweni tukafanya mzaha, na kwamba tunaomba radhi. Upande wa pili tulisikia chuma kikiwekwa juu ya saruji. Kisha kimya. Kisha akasema:

"Padre, mwaka ule nilisubiri mtu aje kuuliza. Baadaye nikaacha kusubiri."

Hatukuwa na jibu, na tunashukuru kwamba safari hii hatukulitafuta. Akasema ana mteja amesimama, pikipiki imefunguliwa, akatuomba tumpigie Dominika baada ya Misa ya pili. Tukamwuliza kama tunaweza kuyaandika haya. Akafikiri. "Andika," akasema, "lakini jina langu liache."

Hakusema kwamba ametusamehe. Hatukustahili kulisikia neno hilo kwa simu moja. Tutapiga Dominika, kama alivyotuagiza, na safari hii tutauliza.

Nanyi, wapendwa, kabla ya Dominika, waulizeni wanaolala bweni moja na yule mnayemhesabu kuwa wa mwisho.

Dominika njema.

Paroko wenu